Fenesi la Kupeleka

Mkwe hana la kukataa. Kwetu Mnyuzi sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Mama aliyekuzalia mke hamketi mkeka mmoja, hamli sahani moja, humkazii macho, na akikuagiza jambo humwulizi sababu. Nyumbani mambo haya hayana taabu. Uwanja ni mpana, michungwa ya kupita nyuma yake ipo, yeye anakaa ng'ambo ya reli na mimi upande huu, na maneno ya kutoka kwake kuja kwangu hubebwa na wajukuu. Taabu huanza mnapoichukua heshima hiyo mkaenda nayo mahali ambapo watu wamebanana.

Binti yetu alipomaliza mtihani wa kidato cha nne alidai ahadi yake, nayo ilikuwa Unguja. Sisi tukisema mjini tuna maana ya Korogwe, na tukisema mjini kabisa ni Tanga, kwa hiyo safari ya kwenda kutembea tu, bila msiba wala harusi, ilikuwa jambo la kuelezwa mara mbili. Alikuwa na orodha yake kwenye simu: Beit-el-Ajaib, Forodhani, Darajani, kobe wa Changuu. Mama watoto alikwisha kushona gauni. Hesabu ya nauli ilikuwa imekaa sawa, na ilikaa sawa mpaka jioni moja kitinda mimba alipovuka reli akiwa mbio na ujumbe mdomoni.

"Bibi anasema na yeye anakwenda. Ana mzigo wa somo yake."

Huyo somo ni mwenzake wa jina. Waliishi jirani kwenye nyumba za reli, waume zao wakiwa mafundi wa njia kwenye reli ya Ruvu, ile iliyofunguliwa mwaka 1963 ikaiunganisha reli yetu ya Tanga na Reli ya Kati hapa hapa Mnyuzi. Wanawake wawili, jina moja, uani kumoja. Mtu akiita, wanaitika wote. Somo alipofiwa na mumewe, mwanawe akaja kumchukua akampeleka Unguja, Michenzani, na tangu hapo ni salamu za simu, mpaka simu nayo ikaacha kupatikana. Mama Mkwe hakusema kama ana wasiwasi. Alisema ana mzigo.

Mzigo ulikuwa fenesi. Si fenesi la kubeba kwa mkono mmoja, ni lile lililokaa chini kabisa ya shina, kwenye mti alioupanda marehemu baba mkwe, na ambalo wajukuu walikatazwa hata kulisogelea. Lilikuwa bado kijani, miiba yake imeanza kufunguka kidogo, na kikonyo kimefungwa kitambaa ili ulimbo usidondoke. Likatiwa kwenye mfuko wa salfeti, mfuko ukajaa.

"Mama," mke wangu akasema kwa upole, "Unguja mafenesi yamejaa."

"Nani kasema hayapo?"

Kisha akageuza uso upande wa migomba, maana alikuwa anasema na mimi. "Mkwe, nishikie."

Nikashika.

Pale Segera basi lilipofika, utingo alitaka kulitupa fenesi kwenye buti pamoja na magunia ya machungwa. Mama Mkwe akasimama mbele ya mlango wa buti mpaka likawekewa khanga chini. Tukapita Mkata, tukavuka daraja jipya la Wami, tukafika Chalinze jua likiwa kali, na huko buti joto lilikuwa likifanya kazi yake. Stendi ya Magufuli kule Mbezi nilipolipokea, lilikuwa limebadilika uzito, au labda ni mimi niliyebadilika. Lilikuwa limeanza kunukia, harufu tamu ya kupendeza, kama utaipata kwa dakika tano ukaondoka zako.

Tulilala Temeke kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kwa sensa ya 2022 Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni tano na laki tatu, na mtu akilala Temeke hana shaka na hesabu hiyo. Shemeji ana vyumba viwili na sebule. Mama Mkwe alipewa chumba cha ndani, watoto wakatandikiwa sebuleni, na mimi, kwa kuwa haikuwezekana nilale mahali ambapo pazia tu linanitenga na mama mkwe, nikasema napenda upepo. Tukalala kibarazani, mimi na fenesi. Usiku wa manane mke wa shemeji alitoka na kisu.

"Shemeji, hili limeshaiva. Tulikate, asubuhi tutamwambia Mama limepasuka."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani ya chumba cha ndani, nyuma ya kuta mbili: "Halikatwi. Lina mwenyewe."

Bandarini asubuhi watu walikuwa wamesimama mpaka barabarani. Desemba ni msimu: Wazungu na mabegi ya magurudumu, wanafunzi wa Pemba wanarudi kwao, akina mama na ndoo zilizofungwa vitambaa, wachukuzi wanaogombea mzigo ambao mwenyewe hajaukubali. Kila mtu vitambulisho mkononi. Mchukuzi mmoja alilishika fenesi akalinusa akalirudisha chini bila kutaja bei. Ndani ya boti viti vya kutuketisha sote pamoja vilikuwa vimekwisha. Mke wangu na binti wakapata mbele. Nyuma, dirishani, palibaki viti vitatu vilivyoambatana. Mama Mkwe akaketi dirishani, mimi nikamsukuma kitinda katikati awe ukuta, nami nikakaa pembeni, fenesi miguuni. Nikaona nimeokoka.

Kitinda hakukaa. Boti ilipoanza kupita mdomo wa bandari alichoropoka kwenda kuona bahari, akarudi, akapanda mapajani mwangu, akalala, na wakati huo huo mama mmoja mjamzito akasimama ubavuni mwangu anatafuta pa kukaa. Nilifanyaje? Nikasogea. Kwa mara ya kwanza tangu nipose, bega langu lilikuwa limegusana na bega la mama mkwe wangu. Yeye aliangalia nje. Mimi niliangalia mlango wa dharura, nikasoma maandishi yake yote.

Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma. Tulipofika katikati ya mkondo, pale ambapo Dar haionekani na Unguja haijaonekana, boti ikaanza kuinama na kuinuka, na mabaharia wakapita wakigawa mifuko midogo. Watu hao hawagawi bila sababu. Waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Aliyekuwa anakula maandazi akayafunika. Kisha nikasikia vidole vimenikamata kifundo cha mkono, vidole vigumu vya mtu aliyelima maisha yake yote, na sauti ikisema na kioo cha dirisha:

"Mwambie baba'ko asiutoe mkono."

Aliyeambiwa alikuwa amelala fofofo. Nikaacha mkono ulipo. Tulikwenda hivyo mpaka minara ya Mji Mkongwe ikachomoza, na hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo, wala halitatajwa. Alama za kucha zilikaa hadi kesho yake.

Pale mizigo inapokaguliwa, kijana mmoja alifungua salfeti akachungulia. "Fenesi? Kutoka bara?"

"Kutoka Mnyuzi," Mama Mkwe akamsahihisha.

Kijana akamwita mwenzake aje aone, wakacheka mpaka wakashika kiuno, wakamwambia karibu bi mkubwa, pita. Mtu wa nyumba ya wageni kule Malindi hakucheka. Alituomba radhi kwa Kiunguja kitamu mno, akasema vyumba ni vyetu, chai ni yetu, ila hilo akilitia ndani wageni wake watahama wote usiku huu. Mlangoni nako hakulitaka, kwa ajili ya nzi. Basi ikawa popote tuendapo kutembea, fenesi nalo linatembea.

Binti alitaka kuanza na Beit-el-Ajaib. Ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, nyumba ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme, ina lifti yake na milango mipana ajabu, na tarehe 25 Desemba 2020 ubavu wake mmoja ukaporomoka ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa. Haya yote binti aliyasoma kwenye simu, kwa sauti, tukiwa tumesimama nje tunaangalia vyuma vya mafundi. Mama Mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Tumevuka bahari yote ile kuja kuona nyumba iliyoanguka?" akamwuliza mjukuu wake. "Mbona kwetu zipo."

Vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa ajili ya mtu mwenye fenesi. Pikipiki inakuja mbele, mkokoteni unakuja nyuma, kundi la Wataliano na kiongozi wao aliyeinua mwavuli linakuja ubavuni, na wewe huna pa kuingia ila kwenye kizingiti cha mlango wa watu, ukiwa umekumbatia salfeti linalonata. Papasi mmoja alitufuata mitaa mitatu anatutangazia safari ya viungo, akabadilisha lugha kutoka Kiitaliano hadi Kiswahili aliponisikia napiga chafya, kisha akaniuliza fenesi nauza bei gani. Mke wangu alikuwa ananiangalia kwa huruma ambayo haikumsaidia mtu. Kila nikitaka kusema neno nilikumbuka nani mwenye mzigo.

Darajani ndiko nilikotegemea kuokolewa. Soko hili ni la mwaka 1904, na siku ile kuanzia mabanda ya samaki mpaka nje barabarani yalikuwa yamepangwa chini: mafenesi. Makubwa, madogo, yaliyokatwa nusu yakaonyesha manjano ya ndani, mengine bado yana majani. Nilisimama, nikalishusha langu katikati ya yale mengine, nikangoja akili ya mtu ifanye kazi. Mama Mkwe alizunguka biashara yote ile polepole. Alipiga moja kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Akapiga la pili. Akamwuliza muuzaji limetoka shamba gani, akaambiwa, akaitikia kwa heshima.

"Mazuri," akasema alipomaliza. "Haya ni ya kuuza. Lile ni la kupeleka. Mkwe, nishikie."

Hapo nikaelewa kwamba yule mama hakuwa kwenye safari yetu. Sisi tulikuwa tunatembea, kwa maana ya kuzunguka na kuangalia vitu ambavyo havituhusu. Yeye alikuwa anakwenda kwa mtu. Huko alikokulia haendi mtu mahali bila kuwa mgeni wa mwenyeji fulani, na mgeni haingii mikono mitupu, basi mji wote ule na maajabu yake ilikuwa njia tu ya kufikia mlango mmoja.

Mahali pamoja tu alisimama kwa hiari yake. Ni Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa kwenye uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni, nyuso zao ziko chini ya magoti yako. Mama Mkwe ni Mzigua, na Wazigua wana hesabu yao na Unguja. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma pwani, wengine wakapandishwa majahazi kwa kuahidiwa kazi na chakula, wakaishia kuuzwa, na wengi wao wakapelekwa hadi Somalia. Huko walitoroka wakajificha kando ya mto Juba, wakalima, na Kizigua chao hakikufa. Vita vya Somalia vilipolipuka miaka ya 1990 wajukuu wao wakarudi, wakapewa makazi Handeni, mwishowe pale Chogo. Mama Mkwe amewahi kwenda Chogo kwenye harusi. Aliporudi alituambia kwamba lugha yao ni ile ile ya bibi yake mzaa bibi, ila wanakunywa chai nyingi.

Alilitazama lile shimo muda mrefu, akawasemesha waliomo kwa Kizigua. Binti akataka kumpiga picha, mama yake akaushusha mkono wake. Kisha bibi akauliza choo kiko wapi, tukaendelea.

Sasa Changuu. Kisiwa hicho kiko karibu kabisa, nusu saa kwa boti ndogo kutoka ufukwe wa Forodhani, na ukisimama bustanini unakiona kimelala mbele yako pamoja na Bawe na Chapwani penye makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. Mama Mkwe aliapa kwamba bahari amekwisha kuiona, inatosha, yeye atakaa chini ya mti atungoje. Pengine angekaa. Lakini kijana wa nahodha, kwa ukarimu wake, alikuwa ameshalipakia fenesi. Bibi alipoona mzigo wa somo yake unaelea, akakunja khanga mpaka magotini akaingia majini kabla yetu sote.

Boti zile zina mbao mbili za kukalia, zinatazamana. Sitaeleza tulivyokaa. Nilihesabu mawingu.

Watu hukiita Kisiwa cha Gereza, ingawa gereza lenyewe halikuwahi kufunga mtu. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, alilijenga mwaka 1894, na badala ya wafungwa wakaja kuwekwa huko wasafiri wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi. Kabla yake kulikuwa kunafungiwa watumwa wakorofi. Leo kuna kuta za mawe, mkahawa, tausi, na kobe. Kobe wa kwanza, wanne, waliletwa mwaka 1919 kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa huko, wakazaana mpaka wezi wakawagundua. Kufikia miaka ya 1990 walibaki wachache mno, ndipo wakazungushiwa uzio. Ni wakubwa kuliko meza ya chakula. Unapewa mchicha langoni, unainama, kichwa kizee kinatoka taratibu kwenye gamba, mdomo usio na meno unafunguka, jani linakatwa kwa sauti ya mkasi. Ukimsugua shingoni anasimama wima kwa raha. Kwenye gamba la kila mmoja pameandikwa umri wake kwa rangi.

Mama Mkwe hasomi maandishi madogo, ila tarakimu anazijua. Alisimama mbele ya mmoja aliyeandikwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Akajifunga khanga vizuri.

"Shikamoo," akasema.

Watalii waliokuwepo wakadhani ni mzaha, wakacheka. Hakuwa na mzaha. Alimngoja yule mzee aitikie, na alipoona haitikii akasema hasikii vizuri, umri umekwenda.

Nililiacha fenesi chini ya mti, kwenye kivuli, nyuma ya ukuta mfupi ambao niliuamini. Tukaenda kuona gereza. Tulikuwa ndani ya chumba kimoja tunasoma kibao, tuliposikia kitinda anapiga kelele kwa furaha isiyo na mfano:

"Babu anakula fenesi!"

Kobe haendi mbio, hilo tunafundishwa tangu chekechea, lakini hatufundishwi kwamba hachoki. Yule yule aliyeamkiwa alikuwa amezunguka ukuta, amelikanyaga salfeti kwa mguu wa mbele, amelipasua, na kichwa chake chote kilikuwa ndani. Mama Mkwe alifika wa kwanza. Umri wake siujui na si adabu kuukisia, ila alinipita. Akalikamata fenesi kwa nyuma akavuta. Mzee naye akavuta. Mimi nikaingia katikati, mikono yote miwili kwenye ile nyama ya fenesi, nikavuta upande wa mama mkwe kwa kuwa ndiko wajibu ulikokuwa. Tukavuta, tukavuta, na mara likaachia, tukaanguka sote wawili chini mchangani, fenesi juu yetu, ulimbo kila mahali.

Aliyewahi kupasua fenesi bila kupaka mafuta mikononi anajua kilichofuata. Ulimbo ule ukishika nguo na vidole unakuwa kitu kimoja, ukijifuta unaeneza, ukitia maji unakaza. Pindo la khanga ya Mama Mkwe lilikuwa limegandana na mkono wa shati langu kuanzia kiwiko hadi kifundo, vidole vyangu vimegandana na vidole vyangu, na mchanga umetupaka sote. Tuliketi hapo, mkwe na mama mkwe, mgongo kwa ubavu, mbele ya umma wa mataifa mengi uliotoa simu zake.

"Mwambie baba'ko avute kwake," Mama Mkwe akasema, akiangalia bahari.

"Baba, bibi anasema vuta kwako."

"Mwambie bibi navuta khanga itachanika."

"Bibi, baba anasema khanga itachanika."

"Mwambie ichanike!"

Mlinzi wa kobe akaja na lawama zake, na alikuwa na haki nazo, maana wanyama wale wana chakula chao na saa zao. Akauliza nani amempa kobe fenesi. Mama Mkwe akamwambia hakuna aliyempa, mzee amejikaribisha mwenyewe, na kwao mzee akijikaribisha hafukuzwi. Mlinzi alitafakari. Akaenda mkahawani akarudi na bakuli la mafuta ya kupikia. Mke wangu akatupaka, mimi kwanza, mamake baadaye, kimya kabisa, machozi yanamtoka, na najua hayakuwa ya huzuni. Mafuta yalipoulainisha ule ulimbo, khanga ikaachia polepole, uzi baada ya uzi.

Pale kobe alipotia mdomo Mama Mkwe alipakata kwa kisu cha mpishi. Kokwa nzuri za pembeni akazigawa: kwa mlinzi, kwa mpishi, kwa nahodha na kijana wake, kwa bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa amebeba mkoba wetu. Mimi sikupewa. Si kwa ubaya, mkwe hali hadharani. Lililobaki, robo tatu hivi, likafungwa ndani ya ile khanga iliyokwisha haribika.

Michenzani tulikwenda jioni. Majumba yale yalianza kujengwa siku za Rais Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, marefu kama mabehewa yaliyosimama yakisubiri ishara, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila roshani. Hatukuwa na nambari ya nyumba. Tulikuwa na jina tu, na jina lenyewe ni la Mama Mkwe, basi akawa anapita baraza hadi baraza akijiulizia mwenyewe.

"Na wewe unaitwa nani, bibi?" wakamwuliza vijana waliokuwa wakicheza bao.

"Huyo huyo."

Vijana wakatazamana. Mmoja akataka kujua kama bibi amepotea, kama kuna ndugu wa kupigiwa simu. Ilibidi mke wangu aeleze habari za somo, nyumba za reli, Ruvu na Mnyuzi, ndipo mmoja akapiga kofi pajani: bibi wa bara, anayewaambia watoto habari za treni? Yuko ghorofa ya tatu, jengo linalofuata.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi. Wakatazamana. Hakuna aliyelia, kinyume na nilivyokuwa nimejiandaa. Mwenye nyumba alisema tu, "Umechelewa, chai imepoa," na mgeni akajibu, "Simu yako je?" Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, mjukuu akaahidi kuitengeneza, mjukuu huyo sasa yuko Oman. Ndivyo ilivyokuwa, basi. Likafunguliwa fenesi.

"Nani kalila upande huu?"

"Mzee mmoja wa Changuu."

"Mzee gani wa Changuu?" Akaambiwa. Vicheko vya wanawake wale wawili vilisikika mpaka chini kwa wacheza bao. Nami nilikuwa nimesimama koridoni, kwa sababu somo ya mama mkwe naye ni mama mkwe, na sasa ndani kulikuwa na wawili.

Mama Mkwe alale, asilale, akalala. Sisi tukarudi Malindi, tukala Forodhani mishikaki na juisi ya miwa kwa amani ambayo tulikuwa hatujaionja tangu Segera. Binti akapata picha zake za machweo na vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani.

Kesho yake, saa ya kuondoka, Mama Mkwe akashuka Michenzani na kapu la ukindu. Mgeni hatoki mikono mitupu pia. Nilisikia harufu kabla sijaliona kapu. Unguja kuna matunda mengi ya heshima, embe, shokishoki, mananasi, lakini somo yake alichagua doriani, mawili, na doriani ni tunda ambalo huko Singapore, mji wa bandari uliojaa watu kuliko Unguja na ulioizoea harufu hiyo kwa karne nyingi, huruhusiwi kuingia nalo kwenye treni. Hapo fenesi nililikumbuka kwa mapenzi.

"Mkwe, nishikie."

Bandarini hatukufika mbali. Mtu wa getini alinyoosha mkono kutoka hatua kumi. Doriani halipandi. Si suala la tiketi wala la heshima, bi mkubwa, watu watatapika kabla ya mawimbi. Mama Mkwe hakubishana naye, alikuwa amekua tangu jana. Akauliza boti inaondoka saa ngapi, akaketi juu ya gogo kando ya ukuta wa bandari, akaomba kisu kwa mvuvi.

"Mwite baba'ko aje ale," akamwambia kitinda. "Kilichotolewa na watu hakitupwi." Kisha akageuka, akanipa mgongo. Nami nikaketi nyuma yake, nikampa wangu. Tukala doriani mgongo kwa mgongo, yeye akiangalia meli, mimi nikiangalia ukuta, naye kila mara anapitisha kokwa juu ya bega bila kugeuka, nami naipokea kwa mikono miwili. Sikujua kama lilikuwa tamu. Nilikuwa na kazi ya kukaa wima.

La pili sikuliona limekwenda wapi. Nilidhani amepewa mvuvi mwenye kisu. Mkwe haulizi.

Boti iliondoka, bahari siku ile ikiwa shwari, viti vya kutosha, watu wametulia. Tulikuwa tumeacha Chumbe nyuma pale mama mmoja mbele yetu alipoinua pua. Akafuata mumewe. Baharia akapita akikagua chini ya viti, polepole, safu baada ya safu. Nikamwangalia mke wangu, mke wangu akatazama begi. Mama Mkwe alikuwa amelala, khanga mpya usoni, anakoroma kidogo. Kitinda akaninong'oneza sikioni:

"Baba, bibi anasema uweke miguu juu ya begi."

"Bibi si amelala?"

"Alisema kabla hajalala."

Nikaweka.